Kuuliza Jina na Kulielewa Jibu: Uchunguzi wa Hitilafu za Zana za Kutafuta Majina ya Vikoa katika Linux, kwa Kisa cha Maabara ya Kompyuta katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza hitilafu zinazojitokeza mtumiaji wa Linux anapotumia zana za mstari wa amri, hususan dig, host na nslookup, kutafuta anwani ya jina la kikoa. Msukumo wake umetokana na kisa alichokishuhudia mtafiti katika maabara ya kompyuta ya taasisi moja ya elimu katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ambako kwa siku tatu hitilafu ya kutafuta majina ilidhaniwa kuwa ni kukosekana kwa mtandao. Hoja kuu ni kwamba zana hizi kwa kawaida husema kweli, lakini kila moja husema kweli kuhusu njia yake yenyewe. Mchunguzi asiyejua swali limepita wapi, limejibiwa na nani na jibu ni la aina gani, hulitafsiri jibu sahihi kwa maana isiyo sahihi. Makala yanabainisha njia mbili za swali ndani ya Linux, yanafafanua aina tano za majibu, yanachambua kisa chenyewe, kisha yanapendekeza mpangilio wa hatua za uchunguzi unaoweza kufuatwa na fundi aliye mbali na msaada wa kitaalamu.

Maneno msingi: kikoa, seva tafutaji, Linux, dig, saini ya kidijitali, Kigoma

1.0 Utangulizi

Katika maeneo mengi ya Tanzania, kauli “mtandao hakuna” hutumika kueleza hali nyingi zisizofanana. Huweza kumaanisha kuwa mnara wa simu umezimika, kifurushi kimekwisha, waya umechomoka, tovuti imeanguka au kompyuta imeshindwa kupata anwani ya jina iliyopewa. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti hizo hazina uzito, kwani kwake matokeo ni yaleyale. Kwa fundi, hata hivyo, kila hali ina tiba yake, na tiba ya moja huweza kuikuza nyingine.

Suala hili lina uzito zaidi katika nyanda za juu za Kigoma. Kwa miaka mingi mkoa huu ulitegemea mitambo ya umeme ya dizeli iliyokuwa nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwa umeme bado ni jambo ambalo kila mwenye kompyuta hulipangia. Mtaalamu wa mitandao huweza kuwa umbali wa safari ya siku nzima. Wakati huohuo, huduma ambazo zamani zilimfikia mwananchi kwa karatasi, zikiwamo maombi ya udahili wa vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu, sasa hufanyika mtandaoni na zina tarehe za mwisho. Kwa hiyo siku tatu za kuchunguza tatizo mahali pasipo pake zinaweza kumgharimu mwanafunzi mwaka mzima.

Makala yamegawanyika katika sehemu saba. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza kwa ufupi mfumo wa majina ya vikoa. Sehemu ya tatu inabainisha njia mbili ambazo swali hupita ndani ya Linux. Sehemu ya nne inafafanua aina za majibu, na sehemu ya tano inachambua kisa. Sehemu ya sita inapendekeza hatua za uchunguzi, na ya saba ni hitimisho. Data za kisa zimetokana na ushiriki wa moja kwa moja wa mtafiti. Baadaye hitilafu hiyohiyo ilirudiwa kwa makusudi katika kompyuta ya majaribio ili kuthibitisha chanzo chake. Jina la taasisi husika halikutajwa kwa sababu za kimaadili.

1.1 Kuhusu istilahi

Uandishi wa masuala ya kompyuta kwa Kiswahili una historia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilionesha kuwa istilahi za fani hii zinaweza kuundwa na kutumika. Makala haya yanatumia neno “kikoa” kama linavyotumiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Seva inayozunguka kutafuta jibu kwa niaba ya mtumiaji inaitwa hapa “seva tafutaji”, na ile inayohifadhi taarifa asilia za kikoa inaitwa “seva yenye mamlaka”. Sehemu ya mfumo iliyo chini ya mamlaka moja inaitwa “kanda”. Majina ya amri na ya mafaili yameachwa kama yalivyo, kwa kuwa kompyuta haiyatambui kwa umbo jingine.

2.0 Mfumo wa Majina ya Vikoa kwa Ufupi

Kompyuta huwasiliana kwa anwani za namba, ilhali watu hukumbuka majina. Hapo awali majina yote yaliwekwa katika faili moja lililonakiliwa kila mahali. Mtandao ulipopanuka utaratibu huo ulielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza mfumo wa majina uliogawanywa kwa ngazi. Maelezo yake yalirekebishwa mwaka 1987 katika hati zijulikanazo kama RFC 1034 na RFC 1035, ambazo hadi leo ndizo msingi wa mfumo huu.

Ngazi hizo zinaweza kuelezwa kwa mfano wa mgeni anayeshuka kwenye basi mjini Kibondo akimtafuta mwenyeji wa Kumsenga. Ofisi ya wilaya haimjui mtu huyo, lakini inajua ofisi ya kata ilipo. Ofisi ya kata nayo haimjui, ila inajua mtendaji wa kijiji gani wa kuulizwa. Mtendaji humwelekeza mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, na huyo ndiye anayejua nyumba yenyewe. Hakuna ngazi iliyojua kila kitu, lakini kila ngazi ilijua ni nani aulizwe baada yake.

Ndivyo jina udsm.ac.tz linavyotafutwa. Seva za mzizi hazilijui jina hilo. Zinajua tu seva zinazosimamia tz, kikoa cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1995. Seva za tz huelekeza kwenye ngazi inayofuata, hadi kufikia seva yenye mamlaka juu ya jina lenyewe. Seva zilezile huweza kusimamia zaidi ya ngazi moja, hivyo idadi ya hatua haiwi lazima sawa na idadi ya nukta. Mtumiaji hatembei safari hiyo mwenyewe. Humtuma mjumbe, yaani seva tafutaji, naye huzunguka na kurudi na jibu.

Seva tafutaji hulihifadhi jibu kwa muda uliopangwa na mwenye kikoa, unaoitwa muda wa uhai. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilimegwa kutoka Wilaya ya Kibondo. Aliyekuwa na taarifa za kabla ya hapo angeendelea kupeleka barua za Kakonko katika ofisi za Kibondo. Taarifa yake ilikuwa sahihi alipoipata, lakini muda wake ulikuwa umepita. Hitilafu nyingi zinazofuata baada ya tovuti kuhamishwa ni za aina hii, nazo humalizika zenyewe muda wa uhai unapokwisha.

3.0 Njia Mbili za Swali ndani ya Linux

Malalamiko yanayosikika mara nyingi kuhusu zana hizi ni kwamba zinapingana na programu nyingine. Amri ya dig huonesha anwani, lakini kivinjari kinasema tovuti haipo. Wakati mwingine ping hufanikiwa huku dig ikidai kuwa jina halipo. Chanzo cha mkanganyiko huu ni kwamba Linux ina njia mbili za kuuliza jina.

3.1 Njia ya programu za kawaida

Programu nyingi, zikiwamo ping na ssh, humwachia kazi hiyo mfumo wenyewe kupitia maktaba ya C. Maktaba hiyo kwanza husoma faili /etc/nsswitch.conf ili kujua mpangilio wa vyanzo. Mstari unaoanza na “hosts: files dns” unaiamuru isome faili /etc/hosts kabla ya kuuliza seva yoyote. Baadaye husoma /etc/resolv.conf ili kupata anwani za seva tafutaji. Katika maktaba ya glibc, seva zinazozingatiwa ni tatu za mwanzo tu; ya nne hupuuzwa bila onyo. Kila seva husubiriwa sekunde 5, na orodha hurudiwa mara 2, isipokuwa mipangilio imebadilishwa. Hii ndiyo sababu seva ya kwanza inapokufa mtandao huonekana mzito ingawa haujakatika: kila jina husubiri sekunde 5 kabla ya kuhamia seva ya pili.

3.2 Njia ya zana za uchunguzi

Zana za dig, host na nslookup hutokana na mradi wa BIND, unaoendelezwa na taasisi ya Internet Systems Consortium. Hizi hazipiti katika maktaba iliyotajwa. Huchukua anwani za seva kutoka /etc/resolv.conf kisha hupeleka swali moja kwa moja. Hazisomi /etc/hosts wala hazizingatii /etc/nsswitch.conf. Kwa hiyo, iwapo fundi fulani aliandika anwani ya zamani ya tovuti katika /etc/hosts, dig itaonesha anwani mpya iliyo sahihi huku kivinjari kikiendelea kwenda kwenye anwani ya zamani. Zana haijadanganya, haikulisoma faili hilo.

Kinyume chake, jina fupi la ndani kama “seva1” huweza kupatikana kwa ping na kukosekana kwa dig. Hii ni kwa sababu /etc/resolv.conf huweza kuwa na orodha ya vikoa vya kukamilishia majina mafupi, na dig haiitumii orodha hiyo mpaka iamriwe kwa +search. Amri za host na nslookup huitumia. Kwa hiyo hata zana za ukoo mmoja huweza kutofautiana.

Ili kuuliza kwa njia ya programu za kawaida, mchunguzi atumie:

getent ahosts udsm.ac.tz

Na ili kuuliza kwa njia ya zana za uchunguzi:

dig udsm.ac.tz A

Amri hizi mbili zikipatana, tatizo halitokani na tofauti ya njia hizi mbili. Zikitofautiana, liko katika /etc/hosts, /etc/nsswitch.conf au huduma iliyo katikati.

3.3 Mpatanishi aliye ndani ya kompyuta

Katika matoleo mengi ya sasa, ikiwamo Ubuntu, faili la /etc/resolv.conf huonesha seva moja tu, 127.0.0.53. Hiyo si seva ya nje. Ni huduma ya systemd-resolved iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, nayo hupokea maswali na kuyapeleka mbele. Ili kujua yanapelekwa wapi, amri inayofaa ni resolvectl status. Mara nyingi /etc/resolv.conf si faili halisi bali ni kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine. Huduma ikizimwa, kiungo hubaki kikielekeza mahali pasipo na kitu. Hapo dig, isipopata seva yoyote, huuliza kompyuta yenyewe na kuambulia ujumbe wa kukataliwa muunganisho. Amri ya ls -l /etc/resolv.conf hutosha kulibaini hilo.

Aidha, vivinjari huweza kuuliza majina kwa njia ya tatu, ndani ya mawasiliano ya HTTPS yaliyofumbwa, kama ilivyoelezwa katika hati ya RFC 8484 ya mwaka 2018. Kivinjari kilichowekewa mpangilio huo hakifuati njia yoyote kati ya mbili zilizotajwa, na mchunguzi hana budi kukikagua peke yake.

4.0 Aina Tano za Majibu

Kabla ya majibu, kuna hali ambayo zana yenyewe haipo. Ujumbe wa “command not found” unamaanisha tu kuwa kifurushi hakijasakinishwa. Katika Debian na Ubuntu kifurushi huitwa bind9-dnsutils, au dnsutils katika matoleo ya zamani. Katika Fedora na jamaa zake ni bind-utils. Inashauriwa kukisakinisha mapema, kwa kuwa siku ya hitilafu huenda isiwezekane kukipakua. Kikikosekana kabisa, getent hupatikana karibu katika kila mfumo unaotumia glibc.

Zana inapofanya kazi, neno lililo mbele ya “status:” katika jibu la dig ndilo la kusomwa kwanza.

Jibu la kwanza ni NXDOMAIN. Mwenyekiti wa kitongoji amejibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mtandao unafanya kazi, seva zinafanya kazi, ila jina halipo. Sababu ya kawaida ni kosa la tahajia au kikoa kilichokwisha muda wa usajili.

Jibu la pili ni NOERROR lisilo na rekodi yoyote katika sehemu ya majibu. Mtu yupo, lakini hana kile kilichoulizwa. Jina huweza kuwa na rekodi ya barua pepe bila kuwa na anwani ya tovuti, au kuwa na anwani ya IPv4 bila ya IPv6. Wachunguzi wengi huona neno NOERROR na kuridhika bila kuangalia kuwa sehemu ya majibu ni tupu.

Jibu la tatu ni SERVFAIL. Mjumbe amerudi akisema alikwenda lakini hakufanikiwa, wala hakusema kwa nini. Hili ndilo jibu gumu kuliko yote, kwa kuwa huficha sababu nyingi: seva zenye mamlaka hazijibu, kanda imeandikwa vibaya, au saini za kidijitali hazikuthibitika. Kisa cha sehemu ya tano ni cha aina hii.

Jibu la nne ni REFUSED. Seva iko hai na imelisikia swali, ila kwa kanuni zake haimjibu muulizaji huyo. Hutokea pale kompyuta iliyohamishwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine inapobaki na anwani ya seva ya mtandao wa zamani. Hali hii isichanganywe na “connection refused”, ambayo maana yake ni kuwa katika anwani hiyo hakuna huduma inayosikiliza kabisa.

La tano ni ukimya, ambao dig huutangaza kwa maneno “no servers could be reached”. Ujumbe huu ndio unaotafsiriwa vibaya zaidi. Hausemi kuwa hakuna intaneti, bali kwamba seva zilizoulizwa hazikujibu katika muda uliowekwa. Seva huweza kuwa imezimika huku njia ya mtandao ikiwa wazi. Wakati mwingine kichujio cha usalama huzuia maswali yanayosafiri kwa UDP katika mlango wa 53. Kurudia swali kwa +tcp hubainisha hilo. Iwapo majibu mafupi hufika na marefu hupotea, inafaa kujaribu +bufsize=1232, kiwango kilichopendekezwa na waendelezaji wa programu za seva za majina mwaka 2020 ili majibu yasikatwe vipande njiani.

Kuna pia jibu la uongo lenye sura ya jibu la kweli. Katika baadhi ya mitandao, mtumiaji asiyelipia huduma hupewa anwani moja kwa kila jina analouliza ili apelekwe kwenye ukurasa wa malipo. Kipimo chake ni rahisi. Hati ya RFC 2606 ya mwaka 1999 ilitenga mwisho wa jina “.invalid” usitumiwe na yeyote. Basi:

dig jaribio.invalid

lazima ilete NXDOMAIN. Ikileta anwani, kuna mtu katikati ya njia anayejibu kwa niaba ya wengine, na majibu mengine yote ya mtandao huo yatiliwe shaka.

Mwisho, waandishi wa programu ndogo za ukaguzi wazingatie kuwa dig humaliza kazi kwa namba 0 hata jina linapokuwa halipo, maana kwa mtazamo wake swali limejibiwa. Ukimya ndio humaliza kwa namba 9. Programu inayochukua 0 kuwa ni ishara ya jina kuwapo itatoa taarifa isiyo sahihi.

5.0 Kisa: Seva Iliyorudi Nyuma kwa Miaka

5.1 Mazingira

Maabara husika ilikuwa na kompyuta za wanafunzi zilizounganishwa kwenye seva moja ndogo, kompyuta kuukuu iliyopewa kazi mpya. Seva hiyo ndiyo iliyokuwa seva tafutaji ya maabara nzima. Ilitumia programu ya Unbound, iliyokuwa imewekwa ihakiki saini za kidijitali za majina. Mpangilio huo ulikuwa mzuri: majibu yaliyokwisha kuulizwa yalitolewa papo hapo, na kifurushi cha data kilidumu.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Asubuhi kila kompyuta ilisema tovuti hazipatikani. Wakati huo wahitimu wa kidato cha sita walikuwa wakitumia maabara kuombea udahili wa vyuo, na dirisha la maombi lilikuwa likielekea kufungwa. Siku ya pili mmoja wao alipanda basi kwenda Kasulu kutafuta huduma hiyo kwa nauli yake. Fundi wa maabara alifanya lile ambalo wengi tungefanya: alizima seva, akaichomoa kwenye umeme, akasubiri na kuiwasha tena. Alirudia mara kadhaa kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa tayari kufuta mfumo wote na kuusakinisha upya, jambo ambalo lingefuta pia kazi za wanafunzi zilizohifadhiwa humo.

5.2 Uchunguzi

Hatua ya kwanza ilikuwa kutenganisha njia na jina. Amri ya ping kwa anwani ya namba, 8.8.8.8, ilipata majibu. Kauli ya “mtandao hakuna” ikaondolewa hapo.

Hatua ya pili ilikuwa kuuliza jina kutoka kompyuta ya mwanafunzi. Jibu lilikuwa SERVFAIL, na majina mengine manne yalileta jibu lilelile. Kikoa kimoja kinaweza kuharibika, lakini si rahisi vikoa vitano visivyohusiana viharibike asubuhi moja. Mashaka yakahamia kwa mjumbe. Swali lilipoelekezwa kwa seva ya nje kwa “dig @8.8.8.8 udsm.ac.tz”, anwani ilipatikana. Hivyo mjumbe wa maabara ndiye aliyekuwa na tatizo.

Hatua ya tatu ilikuwa kumuuliza mjumbe huyo bila kumtaka ahakiki saini:

dig +cd udsm.ac.tz

Jibu lilikuwa NOERROR pamoja na anwani sahihi. Seva ilikuwa inayapata majibu yote kutoka nje, kisha inayakataa kwa kuwa saini zake hazikuthibitika.

Sababu ilionekana pale mtafiti alipoketi mbele ya seva yenyewe na kurudia amri ya dig. Chini ya kila jibu, dig huandika mistari minne: muda uliotumika, seva iliyojibu, saa na tarehe ya swali, na ukubwa wa jibu. Mstari wa tatu, unaoanza na “WHEN:”, ulionesha tarehe ya miaka kadhaa nyuma. Katika kompyuta za wanafunzi mstari huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa dig huandika saa ya kompyuta inayoiendesha.

5.3 Uchambuzi

Saini za kidijitali katika mfumo huu zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kanda ya mzizi ilitiwa saini mwezi Julai 2010, na uhai wa saini zake huhesabiwa kwa siku na wiki. Seva inayoamini kuwa iko miaka kadhaa nyuma huziona saini za leo kuwa bado hazijaanza kutumika, nayo hufanya wajibu wake kwa kuzikataa. Kwa kuwa uthibitisho wa kila jina huanzia katika mzizi, kuukataa mzizi ni kuyakataa majina yote.

Betri ndogo inayoitunza saa ya kompyuta ilikuwa imekufa. Umeme ulipokuwapo haikuonekana. Umeme ulipokatika, saa ilipotea. Huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao ilikuwapo, lakini chanzo chake cha saa kiliandikwa kwa jina. Ili kupata saa, seva ilihitaji jina; ili kupata jina, ilihitaji saa. Na kila mara fundi alipoichomoa seva kwenye umeme kama tiba, aliipoteza saa upya.

5.4 Tiba

Saa iliwekwa kwa mkono kwa amri ya date -s, ikahifadhiwa kwa hwclock --systohc, kisha Unbound ikawashwa upya. Maabara ilirejea kazini chini ya dakika kumi, na waombaji waliokuwapo walikamilisha maombi yao alasiri ileile. Betri ilibadilishwa baadaye, na chanzo cha pili cha saa kikaongezwa kwa anwani ya namba.

Ilipendekezwa na mmoja wa waliokuwapo kwamba uhakiki wa saini uzimwe moja kwa moja ili tatizo lisirudi. Mtafiti hakukubaliana naye. Alama ya +cd ni kipimo, kama kipimajoto. Kuzima uhakiki ni kuondoa kinga ya maabara nzima dhidi ya majibu ya kughushi kwa sababu ya betri ya saa.

6.0 Hatua za Uchunguzi Zinazopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, mpangilio ufuatao unapendekezwa. Kila hatua hugawa uwezekano katika mafungu mawili, hivyo zisirukwe.

(i) Kutenganisha njia na jina: ping kwa anwani ya namba. Ikishindikana, tatizo huenda likawa katika njia, na zana za majina si mahali pa kuanzia.

(ii) Kukagua saa: date. Hatua hii huchukua sekunde moja, nayo ingeokoa siku tatu.

(iii) Kulinganisha njia mbili za ndani: getent ahosts na dig kwa jina lilelile.

(iv) Kumtambua anayejibu: mstari wa “SERVER:” chini ya jibu la dig, faili la /etc/resolv.conf na, panapohusika, resolvectl status.

(v) Kusoma aina ya jibu kwa kufuata sehemu ya nne ya makala haya, na kuuliza majina zaidi ya moja ili kutofautisha ugonjwa wa kikoa na ugonjwa wa mjumbe.

(vi) Kumbadilisha mjumbe: dig ikifuatwa na @ na anwani ya seva nyingine. Mitandao inayoruhusu seva zake tu itashindwa hapa, na kushindwa huko nako ni taarifa.

(vii) Jibu likiwa SERVFAIL, kurudia kwa +cd. Likibadilika, chunguza saini na saa. Lisipobadilika, tumia dig +trace, ambayo hutembea yenyewe kutoka mzizi hadi mwisho na kuonesha ngazi iliyokwama.

(viii) Kuandika kila amri na jibu lake kabla ya kuzima, kuwasha au kusakinisha chochote upya.

Hatua ya mwisho haihusu kompyuta peke yake. Kuzima na kuwasha hufuta ushahidi, na katika kisa hiki ndiko kulikozalisha upya hitilafu yenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa zana za kutafuta majina katika Linux hutoa majibu yanayoeleweka, alimradi msomaji atambue njia ya swali, mtoaji wa jibu na aina ya jibu. Kisa cha Kigoma kimedhihirisha kuwa taarifa iliyohitajika ilikuwa imeandikwa chini ya jibu tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyeitazama kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kulipa tatizo jina lisilo lake.

Aidha, kisa kinaibua suala la lugha. Fundi wa maabara ile hakuwa mzembe. Alisoma ujumbe mfupi wa Kiingereza uliomwambia kuwa seva imeshindwa, naye akaitibu seva kwa njia aliyoijua. Alipoelezwa kwa Kiswahili kwamba mjumbe alikwenda, akapata jibu, akalikataa kwa kuwa tarehe yake haikumwingia akilini, alielewa mara moja na kuuliza mwenyewe kuhusu betri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Inapendekezwa kwamba vyuo vinavyofundisha mafundi viandae miongozo ya Kiswahili ya uchunguzi wa hitilafu, inayoeleza maana ya majibu badala ya kuorodhesha amri pekee, ili fundi wa Kumsenga na wa Dar es Salaam waweze kulisoma jibu moja kwa uelewa mmoja.